Sura ya Kinyozi Pale Njia Panda

Kwa jina lake la kuzaliwa alikuwa akiitwa na mama yake tu. Mtaa mzima ulimwita Rudia. Sikio lake la kushoto lilikufa utotoni, baada ya kutoka usaha wiki nzima huku akilia mgongoni kwa mama, na tangu hapo ukimsemesha upande ule alikugeuzia uso na kuuliza, "Rudia?" Watoto wenzake wakalidaka neno, jina likamganda. Mkewe, fundi cherehani mwenye maneno ya papo kwa papo, alikuwa akiwavunja mbavu wageni kwa kuwaambia kwamba yeye ndiye mwanamke pekee aliyewahi kumkubali mwanamume mmoja mara mbili kwa siku moja, maana mara ya kwanza bwana alikuwa amekaa upande mbaya.

Alikuwa kinyozi. Kibanda chake kilitazamana na geti la kiwanda cha mbao, pale barabara mbili zinapokutana. Ndani mlikuwa na kioo kilichopasuka pembeni, kiti cha kuzunguka ambacho kilikuwa kimegoma kuzunguka, na benchi la wanaosubiri zamu, ambao nusu yao hawakuwa wanasubiri zamu bali kupiga soga. Unga wa mbao uliingia kila mahali, hata kwenye sabuni ya kunyolea. Mtaa ule uliishi kwa kiwanda na wengine walikufa kwa kiwanda. Baba yake Rudia aliangukiwa na gogo wakati watoto wake wawili wangali wanagombania nani alale ukutani. Mama akaenda kufua mashuka ya hospitali, na kwa mikono iliyochubuliwa na dawa za kufulia akawakuza wote wawili.

Huyo mwingine, kaka mkubwa, alikuwa mpakiaji wa magogo. Mtu wa mabega, mtu wa vicheko. Vita vya mpakani vilipopamba moto na lori la jeshi likaja kuandikisha vijana kwenye uwanja wa shule, ndugu hao walikwenda pamoja, bega kwa bega. Daktari alisimama nyuma ya kila mmoja na kumnong'oneza maneno, sikio hili kisha lile, mnong'onezwaji ayataje. Kaka aliyataja. Rudia, zamu ya sikio la kushoto ilipofika, alisimama kifua mbele, akisubiri kusemeshwa, hata alipoona waliopanga foleni kando wameanza kuangua kicheko.

Akaambiwa avae shati lake aende zake.

"Usinune," kaka yake alimwambia njiani. "Wewe baki na mama. Siku ukinisikia nabisha hodi, ujue umepona sikio."

Vijana walioandikishwa walipitia kibandani siku ya kuondoka, wanyolewe vipara kama walivyoagizwa. Rudia aliwanyoa wote bure. Mdogo kuliko wote, mtoto wa mama muuza mkaa, alikuwa na kovu utosini ambalo hakuna aliyejua kuwa analo, na wenzake wakamtania mpaka machozi yakamlenga. Mtoto wa pekee wa mnoa misumeno wa kiwandani alijitazama kiooni akasema sasa anafanana na baba yake, jambo lililomtia hofu kuliko vita. Kaka yake Rudia alikaa kitini wa mwisho. Hawakusemezana la maana. Mtu hujui kama yale ni maongezi ya mwisho, kwa hiyo huyachagui.

Vita vilichukua mwaka na miezi. Baadhi yao walirudi, mmoja kwa magongo. Tisa hawakurudi. Hapakuwa na majeneza wala makaburi. Alikuja ofisa mmoja wa jeshi, kijana aliyevaa vizuri, akapita nyumba kwa nyumba na maneno yaleyale, na kila nyumba aliyotoka ilibaki na kilio mlangoni. Waliuliza wamezikwa wapi. Akasema hukohuko, kwa heshima zote. Mama yake Rudia alikuwa ameshika kikombe cha maji aliyomtekea mgeni. Ofisa alipomaliza kusema, mama aliyanywa yale maji mwenyewe, yote, akaenda kulala.

Ndipo mtaa ukaamua kwamba kama makaburi hayapo, basi iwepo alama. Kamati ikaundwa, mwenyekiti wa mtaa akiiongoza, na kiwanda kikatoa gari la kubebea mawe. Patajengwa jukwaa la mawe pale njia panda, majina yaandikwe, na juu yake asimame askari wa saruji. Kutoka mjini akaletwa fundi wa sanamu, bwana mpole mwenye kucha zenye ukoko wa saruji. Siku yake ya kwanza alikwenda kunyolewa. Alikaa kitini, na badala ya kujitazama mwenyewe kiooni akawa anamtazama kinyozi.

"Una mabega mazuri," alisema. "Nahitaji mtu wa kusimama."

"Rudia?"

"Nasema nahitaji mtu wa kusimama nimtazame. Wa kuigizia sanamu."

Rudia alikataa. Akasema yeye hata si askari, aitwe mmoja wa waliorudi. Lakini waliorudi hawakutaka kuvaa tena zile nguo, hata kwa dakika moja. Mwenyekiti akaja kumbembeleza. "Umefanana na kaka yako kama sarafu na sarafu. Tukikusimamisha wewe, si ndiye tumemsimamisha yeye?" Neno hilo likamwingia. Kaka yake hakuwahi kupigwa picha hata moja ya maana. Rudia akaona kwamba angalau kuna kitu anaweza kumpa.

Basi akawa akifunga kibanda mapema na kwenda kusimama ndani ya ghala la mbao, amevaa sare ya kuazima, ameshika ubao badala ya bunduki. Fundi alimwahidi kwamba anachukua umbo tu, sura ataibuni. Huenda aliamini hivyo. Lakini jicho lililomtazama mtu siku nyingi linajichukulia, na mkono unafuata.

Siku ya kuzindua, mtaa wote ulijaa njia panda. Mwenyekiti alivuta shuka, likaanguka. Kisha sauti nyuma ya watu: "Heee! Si Rudia huyu?" Vicheko vikaruka, vikazimwa haraka, na katikati ya vicheko hivyo mama mmoja akaangua kilio, wengine wakafuata. Rudia alisimama na mkewe, masikio yote mawili yakiwaka moto. Kila kitu kilikuwa chake: kidevu, mashavu makavu, hata kile kichwa kilichoelemea kidogo kulia, cha mtu anayetafuta sauti.

Alimtafuta mama yake kwa macho. Mama alikuwa mbele kabisa, na wafiwa. Aliitazama sanamu mara moja, akavuta mtandio mbele ya uso, akageuka na kwenda nyumbani kabla ya dua. Rudia alidhani ni uchungu wa kaka.

Siku zikaenda. Wengine waliizoea sanamu, wengine waliipenda. Aliyeipenda kuliko wote ni mama muuza mkaa, yule wa kijana mdogo kuliko wote. Kila wiki alibeba kigoda na kitambaa kilicholoweshwa, akapanda, akampangusa askari unga wa mbao usoni, taratibu, nyuma ya masikio na chini ya kidevu, akimsemesha. Rudia alimwona kutoka kibandani na kujisikia kuwashwa usoni, akampa kisogo, akaendelea kunyoa.

Mnoa misumeno alikuja kunyolewa ndevu kama ilivyokuwa desturi yake tangu enzi. Alikaa. Rudia akamfunga shuka shingoni, akachukua brashi ya sabuni. Mzee akainua macho kiooni, na humo akaona sura mbili: ya kinyozi karibu, na kwa mbali, mlangoni, ileile juu ya jukwaa. Akalifungua shuka mwenyewe, polepole, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya meza.

"Siku ya kupimwa hukusikia," alisema. "Siku ya kusimama ukasikia."

Alilisema upande wa kulia, kwenye sikio zima, asije akaambiwa arudie. Kisha akatoka na ndevu zake.

Neno lile lilimkata maini. Hakumwambia mtu. Lakini waliokuwa kwenye benchi walisikia, na jioni mkewe alikuwa nalo tayari.

"Mzee ana uchungu," mkewe alisema, akiuma uzi. "Usimjibu."

"Nimjibu nini? Amesema kweli?"

"Amesema uchungu." Akageuza nguo mashineni. Halafu akasema lililokuwa limemkaa kooni siku nyingi. "Umewahi kuangalia viatu vya mama?"

"Vina nini?"

"Vina tope. Kila siku, hata jua likiwaka. Barabara ya hospitali haina tope. Tope liko nyuma ya kiwanda tu, kule wanakoloweka magogo."

Kesho yake Rudia alichelewa kufungua kibanda, akamfuata mama kwa mbali. Ilikuwa kweli. Mwanamke mzima, mwenye magoti yanayolia, aliiacha barabara iliyonyooka, akazunguka ukuta wa kiwanda na kushika kijia cha nyuma, akiinua gauni kwa mkono mmoja na kujishikilia kwenye magogo kwa mwingine. Alikuwa akiongeza mzunguko mrefu asubuhi na mwingine jioni, na hivyo ndivyo alivyokuwa akifanya tangu siku ya kuzindua, masika na kiangazi.

Alimngoja nyumbani. Mama alirudi, akavua viatu mlangoni, akavigonga kimoja kwa kingine.

"Mama, kwa nini unapita kule nyuma?"

"Njia ni njia."

"Kule utaanguka."

"Nikianguka nitainuka." Akakaa kitandani, akaanza kujikanda vidole. Mikono ile ilikuwa imebabuka, ngozi nyepesi kama karatasi ya sigara. Rudia akakaa sakafuni, upande ambao angemsikia vizuri, akangoja.

"Nilizaa wawili," mama alisema mwisho. "Mmoja walimchukua. Sikumwona, sikumwosha, sikumzika. Nikasema haya, nimebaki na mmoja. Sasa huyo mmoja, asubuhi nikienda kazini namkuta amesimama na wafu. Majina yao yako miguuni pake, na yeye yuko juu yao, hapepesi. Jioni namkuta hapa anakula. Mimi nimwamini yupi?"

"Lakini ile ni saruji, mama."

"Najua ni saruji. Mimi si mwehu. Lakini nikipita pale, moyo haujui." Akajifuta pua kwa mtandio. "Nilikuzika asubuhi, nikakuzika jioni. Nikachoka kuzika, baba. Ndiyo maana napita topeni."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa umefurahi. Ulidhani umempa kaka yako kitu."

Hapo Rudia akalia, yeye aliyejikaza kisabuni siku ya ofisa wa jeshi kwa sababu ndiye mwanamume aliyebaki. Mama hakumnyamazisha. Alimwacha alie, akaendelea kujikanda vidole.

Kabla ya kwenda kwa kamati kuomba sura ile iondolewe, Rudia alikwenda kwa mama muuza mkaa. Alimkuta anachekecha vumbi la mkaa, mweusi hadi kwenye nyusi. Akamsaidia kuinua gunia, akamweleza yote, neno kwa neno, maana hakuona njia nyingine.

Mama yule aliendelea kuchekecha.

"Unadhani mimi naona mwanangu pale?" aliuliza. "Mwanangu alikuwa na pua pana. Wewe pua yako kama kisu. Najua kabisa ni wewe."

"Sasa?"

"Sasa nikipangusa, mikono inapata kazi. Mikono ilimlea miaka yote ile, halafu siku moja ikaambiwa basi." Akaweka chekecheo chini. "Wewe una mama, naye ana mwana. Siwezi kumnyima. Lakini usiniombe nifurahi."

"Sikuombi, mama."

"Haya. Nenda."

Kamati ilikaa na kuvutana. Wengine walisema ni ujinga, kitu kimegharimiwa, kitabomolewaje kwa ajili ya mwanamke mmoja. Mwenyekiti aligeuka huku na huku kama mtu aliyekalia msumari. Aliyemaliza ubishi alikuwa mnoa misumeno, ambaye hakuna aliyetegemea aje. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akasema kwamba uso ulainishwe, askari abaki bila sura, kila mfiwa atajua mwenyewe anamtazama nani. Na patasi analeta yeye.

Walikutana siku kiwanda kilipokuwa kimefungwa. Ngazi ikaegeshwa. Mnoa misumeno akapanda na patasi na nyundo, mtu ambaye vyuma vyote vya mtaa ule vilipita mikononi mwake. Akaiweka patasi kwenye shavu la askari. Akainua nyundo. Ikabaki juu.

Akashuka.

"Siwezi," alisema. "Nimeitukana mno hii sura. Nimeitazama mno. Imeshakuwa ya mtu wangu."

Watu walitazamana. Hapakuwa na wa kujitolea. Basi Rudia akavua viatu, akachukua patasi, akapanda mwenyewe. Yeye na askari walikaribiana, uso kwa uso, pumzi yake ikigonga saruji na kumrudia. Chini, mama muuza mkaa alikuwa amesogea hadi kwenye ngazi, ameishika isiyumbe.

"Anza na macho," alimwambia. "Asikuone."

Alianza na macho. Saruji ilikuwa ngumu kuliko alivyodhani, ikaruka vipande vidogo vilivyomchoma mashavuni. Kila pigo lilimwingia kwenye meno. Aliondoa pua, akaondoa mdomo, akafika kwenye kidevu, na hapo akapumzika, paji la uso kwenye bega la sanamu, kama mlevi aliyemwegemea rafiki. Alipomaliza, mnoa misumeno alikoroga saruji mbichi kwenye karai, akapanda na kuilainisha kwa kiganja, akipaka na kurudia kupaka, mpaka pakawa hapana kitu. Alipofika chini alimshika Rudia mkono. Hakusema samahani, naye Rudia hakuingojea.

Wageni wanaopita pale huuliza kama ni mvua iliyomla yule askari. Wenyeji hujibu kila mtu lake.

Lakini jambo lile halikuisha vizuri kwa wote. Mama muuza mkaa hakuja tena na kigoda chake. Wiki ya pili mke wa Rudia alimwona akishika kijia kile cha nyuma ya kiwanda, mzigo kichwani, akipambana na tope. Alimwambia mumewe. Rudia aliomba mabanzi ya mbao kiwandani, akayabeba begani mara kadhaa, akayatandika pale palipokuwa na matope mazito, akayakanyaga yakae sawa. Mama yule aliyapitia. Hakuwahi kuyataja, na akipishana na Rudia sokoni alimwitikia salamu akitazama pembeni.

Mama yake Rudia hakukimbilia kupita. Alichukua muda wake. Hatimaye siku moja, wakati Rudia anafagia mbele ya kibanda, akamwona anakuja kwa barabara kuu, kapu mkononi, viatu vikavu. Alifika kwenye jukwaa akasimama. Hakuinua macho juu. Rudia akaacha ufagio, akavuka barabara.

"Lake ni lipi?" mama aliuliza. Hakujua kusoma.

Rudia akamwonyesha. Mama akaweka kiganja juu ya herufi, akakitembeza taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho, akasita.

"Mbona fupi hivi?"

"Waliandika jina lake na la baba tu, mama. Nafasi haikutosha."

"Alikuwa na jina la babu pia. Nililiita jina lote aliponiudhi." Kiganja kilibaki pale. "Na hawa wengine? Nisomee."

Akamsomea. Kwa kila jina mama aliitikia kwa kichwa na kusema lake: huyu alikuwa akikohoa sana usiku alipokuwa mchanga, huyu mama yake alimzaa njiani, huyu aliniangushia nguo zangu zote kwenye vumbi akakimbia. Wafanyakazi wa kiwanda walikuwa wakipita, wengine wakapunguza mwendo, wengine wakavua kofia. Lilipofika jina la mwisho, la mtoto wa muuza mkaa, mama alilipangusa tu kwa ncha ya mtandio, akaingiza kitambaa hadi kwenye mikunjo ya herufi.

Kisha akainua kapu. Akasema mashuka yanamsubiri, na kwamba Rudia akale, amekonda. Akashika barabara ya hospitali, polepole kwa sababu ya magoti, upande wa kivuli cha ukuta.